Barua ya wazi kwa Waziri wa Sanaa: naomba ukuta mmoja pale stesheni

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni maana kiti nimekiegemezea picha inakauka, kwahiyo ukiona barua imepindapinda nivumilie. Mimi ni mchoraji, naishi Temeke, nachora watu. Nasema watu makusudi kwasababu kila nikijitambulisha swali linalofuata ni "aah, Tingatinga?" au "basi nichoree simba". Mi nachora wa mtaani kwetu, kinyozi, mpiga debe kalala siti ya nyuma ya daladala saa nane mchana, wanafunzi konda kawazuia mlangoni, fundi cherehani anampima mtu bega huku pini zote ziko mdomoni. Simba sijawahi kumuona kwa macho yangu mpaka leo, ntamchoraje.

Na Tingatinga, ile michoro ya wanyama yenye rangi kali, siidharau, nisieleweke vibaya. Mzee Edward Saidi Tingatinga katoka zake Tunduru, 1968 kaanza kuchora kwenye hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, 1972 kafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu, na mpaka leo kuna familia zinakula kupitia jina lake pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mi nina miaka kumi na moja kwenye brashi na kodi ya mwezi huu bado nadaiwa. Ila shida ni kwamba mgeni akishaona zile basi kwake uchoraji wa Tanzania umeishia hapo, na sisi wenyewe tumekubali.

Sasa nikupe kisa kilichofanya niandike.

Mwaka juzi nilimchora mama mmoja anauza vitumbua jirani na ninapopanga. Nilimuomba ruhusa akacheka, akasema chora ila usiuchore mkono huu wenye kovu la mafuta ya moto. Nikauchora. Akaninunia siku mbili, ya tatu akaja mwenyewe kuitazama tena akasema kwakweli ndo wangu huo. Kitambaa ni marekani ya Kariakoo nimeiwamba mwenyewe kwenye mbao, nikapaka gundi ya mbao na emalshen nyeupe mara tatu, kila ikikauka napiga msasa, maana kanvasi ile ya kuja tayari mtu wa Temeke unaiuliza bei dukani alafu unajifanya simu inaita. Mita moja na nusu kwa mita moja. Fremu nikachongewa Keko.

Galari moja huko kwenye maeneo yenye miti mingi (siitaji, nikiitaja sipati tena ukuta) ikakubali kazi zangu tano kwenye maonyesho ya pamoja. Haya, kuifikisha picha. Bajaji haiitoshi, ikabidi itokeze upande mmoja mi nimeing'ang'ania kwa mikono miwili kama nimebeba mlango wa kabati, tukafika taa za VETA Chang'ombe zikatushika. Mheshimiwa, maonyesho yalikuwa pale. Bodaboda wakasogea. Mmoja anasema huyo mama namjua, mwenzake anabisha huyo wa Mtoni bwana, wanataka kugombana. Dada mmoja muuza maji kasimama na ndoo kichwani anaangalia weee, mwisho akasema "vitumbua viwili vya pembeni vimeungua", na kweli nilivichora vimeungua kwasababu siku ile viliungua, kwenye galari hakuna hata mmoja aliyekuja kuliona hilo. Konda katoa kichwa dirishani anauliza bei. Taa zikaruhusu, honi zinapigwa nyuma yetu, na bado kuna jamaa anakimbia pembeni ya bajaji anataka niigeuze aone uso vizuri.

Kwahiyo nikisikia mtu kwenye semina anasema Watanzania hawana utamaduni wa kuangalia picha huwa nanyamaza tu.

Siku ya ufunguzi nikamwalika mama. Akavaa kitenge alichoshonea harusi ya mdogo wake, akapanda daladala mbili. Kufika getini mlinzi akamwambia "mama, jikoni mlango wa nyuma". Yule mlinzi hakuwa na roho mbaya, kazoea tu kwamba mama wa namna ile akija pale saa kumi na mbili jioni kaja kupika. Mi nipo ndani na glasi mkononi naongea Kiingereza changu cha kuungaunga sina habari. Mama akageuza akarudi zake. Nimekuja kujua kesho yake asubuhi nilipoenda kununua vitumbua, akanifungia bila kuniangalia usoni.

Picha yenyewe iliuzwa usiku uleule, laki nane, kanunua mtu ambaye mkataba wake wa kazi hapa nchini ulikuwa unaishia. Galari ikakata asilimia 40 nikabaki na laki nne na themanini, sio kesi, ndo makubaliano yetu na wao wana umeme wa kulipa. Nikampelekea mama fungu lake kumuomba radhi. Akahesabu, akafunga kwenye kona ya khanga, alafu akaniuliza: "Sasa mimi nipo wapi?" Nikamwambia nadhani Ubelgiji. Akasema, "Bila pasipoti?"

Nilicheka pale, ila usiku sikulala vizuri.

Maana sio yeye peke yake, Mheshimiwa. Chukua Sam Ntiro. Mtu wa Machame, kazaliwa 1923, kasoma Makerere akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, na alichokuwa anachora ni hikihiki, watu wanalima, wanavuna, wanapika pombe, wanajenga, yaani kijiji kizima cha Kilimanjaro na kila mtu na shughuli yake. Baada ya uhuru akawa balozi wetu London, baadaye akaja kuwa Kamishna wa Utamaduni, kwahiyo mchoraji ameshawahi kukaa kwenye viti vya huko kwenu. Kuna picha yake ya 1956, wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Iko New York, Museum of Modern Art. Heshima kubwa, sibishi, lakini mtoto wa Machame akitaka kusimama mbele ya ile picha aone mababu wamebeba mbege aombe kwanza viza ya Marekani.

Tulikuwa na Nyumba ya Sanaa pale mwanzo wa Upanga. Ilianza 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, na jengo alikuja kulizindua Mwalimu mwenyewe. Marehemu George Lilanga, yule wa mashetani wenye masikio makubwa ambao leo wako kwenye kuta za watu huko Ulaya, alianzia pale kama mlinzi wa usiku. Mlinzi! Ndo maana yule wa getini siwezi kumsema vibaya, huwezi jua. Jengo lenyewe lilishabomolewa, nikipita pale na mwanangu namuonyesha hewa.

Wenzetu Uganda wana Nommo pale Nakasero tangu 1964, galari ya serikali. Kenya, Joseph Murumbi aliyekuwa makamu wa rais alikuwa anakusanya kazi za sanaa kwa mapenzi yake mwenyewe na sehemu ya alivyokusanya leo wananchi wanaiona Nairobi Gallery, kwenye jengo lililokuwa ofisi ya mkoloni. Sisi 2024 tukapeleka banda la nchi Venice Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa kule Italia, kwa mara ya kwanza, nilifurahi mpaka nikampigia simu mama yangu Songea, akauliza Venice ndo wapi na lini litakuja Songea. Sikuwa na jibu.

Najua utasema Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert kuna nafasi ya maonyesho, na kituo cha wasanii cha Nafasi Art Space kipo Mikocheni tangu 2008. Ni kweli, na Nafasi wametulea wengi, mi mmojawapo. Lakini mama wa vitumbua hafiki Mikocheni kwa bahati mbaya. Lazima aamue kwenda, aage nyumbani, aache biashara, alafu apite getini. Mimi nataka akutane na picha akiwa kwenye mambo yake mengine, kama wale wa kwenye taa.

Ndo nafika kwenye ombi langu. Stesheni za SGR, ile reli mpya ya umeme. Mwaka jana nilipanda treni kwenda Dodoma nikafika mapema kama wanavyotaka, nikakaa pale Dar nikiwatazama abiria. Ile stesheni wameijenga kwa mfano wa Tanzanite, pazuri, safi, na watu wanakaa pale saa nzima wanaangalia simu au wanaangalia ukuta. Ukuta mrefu. Kuna bibi na mjukuu wake, kuna wanajeshi, kuna wabunge, kuna mtu kabeba kuku wa mchongo wa zawadi, wote wamo humohumo. Najua reli sio wizara yako lakini wa Uchukuzi unakaa naye meza moja kwenye Baraza la Mawaziri, mguse bega. Ukuta mmoja Dar, mmoja Morogoro, mmoja Dodoma. Serikali inunue picha chache kila mwaka za wachoraji wa hapa, za watu wa hapa, ziandikwe jina la mchoraji na mwaka kwa Kiswahili, zitundikwe pale, na zisiuzwe tena. Ziwe za taifa.

Nimesema inunue. Wakati mwingine tunaitwa "tuchangie kwa ajili ya kujitangaza" na tukirudi nyumbani mwenye nyumba hapokei matangazo. Na mkopo pia siuombi, asanteni kwa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, wapo uliowafaa, ila mkopo unamfaa mwenye soko, mi nitakopa ninunue rangi nichore picha kumi ziwe zinanikodolea macho chumbani pamoja na rejesho.

Fedha ya kulipa wachoraji mkitaka huwa inapatikana, kwanza tuseme ukweli. Kiongozi akija ziara napigiwa simu siku mbili kabla, mchore mgeni rasmi, sura itoke vizuri, weka fremu ya dhahabu. Nachora. Anakabidhiwa jukwaani watu wanapiga makofi, na mi malipo yangu nafuatilia miezi minne kwenye ofisi moja ambayo nayo siitaji, naambiwa mara faili liko kwa mhasibu, mara mhasibu yuko likizo. Nimechora viongozi tisa mpaka sasa. Wakati mwingine najiuliza zile picha zinaenda wapi, zipo stoo au wake zao wamezikubali sebuleni?

Jambo la utaratibu nalo lipo na hili naomba walitazame wataalamu wako. Manunuzi ya serikali sasa ni kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST. Nilijaribu kujisajili nikakwama mapema tu maana sijui picha ya mtu anauza vitumbua inaingia fungu gani, samani? vifaa vya ofisi? ukarabati wa jengo? Na ushindani wa bei utakuwaje, atakayemchora mama kwa bei ya chini ndo kashinda? Tafuteni namna. Wekeni kamati ndogo yenye wachoraji, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu pale Mlimani, na mtu mmoja ambaye hajawahi kukanyaga galari, nina dada wa kumpendekeza, yule wa ndoo ya maji, nikimpata.

Mimi kwa upande wangu nimeanza. Hii picha inayokauka hapa kwenye kiti ni ya mama yuleyule, nimeipima mita moja na nusu kwa mita moja kama ile ya kwanza. Ilibidi nimbembeleze mwezi mzima. Amekubali kwa masharti mawili, kwamba safari hii nimchore na kile kitenge cha harusi, na kwamba isitoke nje ya nchi kabla wanae hawajaiona. La pili nimemwambia nitakuuliza wewe.

Ni mimi, mchoraji wa Temeke.