Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara: Uchumi iliokolewa, mleta mayai je?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi. Nakuandikia kuhusu Uchumi, maana supamaketi ile ni mtoto wa serikali. Mashirika ya umma, likiwemo ICDC, lile la kukuza viwanda na biashara, ndiyo yaliyoianzisha mwaka 1975 ili bidhaa zimfikie mwananchi kwa bei nafuu, na viwanda vya hapa nchini vipate pa kuuzia. Mwanzoni waliletwa hata Waitaliano wa kampuni ya Standa kuiendesha. Mwaka 1992 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi.

Juni 2006 milango ikafungwa, madeni yamejaa. Serikali ikatoa mkopo, na mwezi uliofuata maduka yakaanza kufunguliwa tena. Kufikia 2011 hisa zilikuwa zimerudi sokoni. Nilifurahi kwa dhati. Lakini Oktoba 2015 ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania, na rafu za nyumbani nazo zikaendelea kubaki tupu. Nakumatt, supamaketi nyingine iliyotokana na biashara ya magodoro mjini Nakuru, ilivuka mipaka vivyo hivyo hadi Rwanda. Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe.

Kila duka linapoanguka tunasikia habari za benki na wenye hisa. Mimi namfikiria aliyeleta mayai.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Supamaketi aliyoipelekea si kati ya hizo nilizotaja, na jina lake nalihifadhi. Alfajiri tulipanga trei kwenye pikapu, tukitia magazeti katikati yasigongane. Alichorudi nacho ni nakala ya waridi yenye muhuri: IMEPOKELEWA. Aliambiwa angoje siku 60. Muuza chakula cha kuku hakungoja hata wiki. Nakala zilijaa kopo la majani chai, na mwishowe mama akauza kuku wenyewe, watagaji wazuri, kwa bei ya nyama.

Najua Sheria ya Ushindani ilirekebishwa mwaka 2019, na sasa kumcheleweshea mleta bidhaa malipo bila sababu ya haki ni kosa. Mkataba unapaswa kutaja siku ya kulipa. Hiyo ni hatua kubwa, nami naishukuru. Ila mama hakuwahi kuwa na mkataba, alikuwa na muhuri tu. Na duka likifilisika, benki yenye dhamana hutangulia. Mfugaji yuko nyuma kabisa kwenye foleni.

Naomba mambo mawili. Karatasi yenye muhuri wa kupokea mzigo itambuliwe kuwa mkataba, na siku za kulipa zianze kuhesabiwa hapo hapo. Pia, serikali ikitia tena pesa za umma kuokoa duka lolote, fungu la kwanza liwaendee wadogo wanaodai.

Lile kopo bado tunalo. Siku utakayonipangia, nitakuja nalo ofisini kwako.

Wako mwaminifu,
Mtoto wa mfugaji