Anayeripoti ubaguzi katika vikundi vya kujitolea amwendee nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo hapa Malindi linajulikana na wengi ila husemwa kwa kunong'onezana, nalo ni ubaguzi ndani ya vikundi vya wanafunzi wa kujitolea, na zaidi yale yanayompata mwanachama anayethubutu kuuripoti.

Vikundi hivi nakijua kimoja kwa ndani, kwani nilikuwa katibu wake nilipokuwa chuoni, na heshima yangu kwa kazi yao haijapungua. Ni wanafunzi hawa wanaookota plastiki ufukweni, wanaopanda mikoko kwenye mlango wa Mto Sabaki na katika hori la Mida, na wanaowafundisha watoto wa Muyeye na Kisumu Ndogo shule zikifungwa, bila malipo yoyote. Mtu anayetoa jasho lake bure ana haki ya kutendewa kwa usawa kama alivyo nayo anayelipwa, na nikiulizwa mimi nitasema kwamba deni letu kwake ni kubwa zaidi.

Ubaguzi ninaouzungumzia hauji kwa matusi. Huja kwenye orodha ya zamu. Wasichana wanaotoka Ganda na Kakuyuni hujikuta kila mara wamepangiwa kupika na kuosha masufuria, ilhali kipaza sauti na meza ya kupokea wageni hubaki mikononi mwa watoto wa mjini walio na Kiingereza chepesi. Mikutano huitishwa Ijumaa saa saba mchana, wakati Waislamu wako msikitini, kisha maamuzi yaliyopitishwa huko husomwa kana kwamba wote waliyakubali. Mikutano mingine humalizika usiku, saa ambayo anayekaa mbali hana gari la kumrudisha kwao, na jina lake huandikwa miongoni mwa wasiojituma. Mwanafunzi anayetembea kwa magongo huambiwa kwamba matope ya mikoko hayamfai, jambo ambalo pengine ni kweli, lakini hakuna anayemuuliza kama angependa kushika daftari la hesabu ya miche. Wafadhili wanapofika na kamera zao, wasichana waliovaa nikabu huombwa wasogee pembeni kidogo.

Katiba ya mwaka 2010 haikuyaacha mambo haya yaamuliwe kwa mazoea. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, kwa misingi kadhaa ambayo miongoni mwake imetaja waziwazi asili ya mtu kikabila au kijamii, ulemavu, dini, mavazi na lugha. Katazo hilo haliihusu serikali peke yake, kwa kuwa kifungu hicho hicho kinasema kwamba hata mtu binafsi hana ruhusa ya kumbagua mwenzake. Mwenyekiti wa kikundi cha wanafunzi ni mtu kama watu wengine mbele ya sheria, na mkutano wa Ijumaa saa saba, hata ukiitishwa bila nia mbaya, unawafungia mlango watu wa dini moja.

Lakini haki iliyoandikwa humfaa mtu pale tu anapokuwa na mahali pa kuidai, na hapa ndipo vikundi vyetu vinapoanguka vibaya. Mwaka jana msichana mmoja kutoka Ganda, ambaye ameniruhusu nieleze kisa chake bila kumtaja, alinakili orodha za zamu za muhula mzima pamoja na tarehe zake, akaandika ukurasa mmoja wa malalamiko kwa mwandiko safi na lugha ya adabu, kisha akaukabidhi kwa mwenyekiti, kwa kuwa katiba ya kikundi chao inasema malalamiko yote yapelekwe kwa mwenyekiti. Mwenyekiti huyo ndiye aliyekuwa akipanga zamu. Ilikuwa ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Kabla ya magharibi picha ya ukurasa ule ilikuwa imeshawekwa kwenye kundi la WhatsApp la wanachama wote, na wa kwanza kujibu alimwandikia, "Dada, kama hapakufai si uhame tu?"

Mlezi wa kikundi, mwalimu mwenye umri wa baba yake, alimwita akamwambia, "Mwanangu, mambo ya nyumbani hayatolewi nje. Nyamaza, yatakwisha yenyewe." Alimjibu kwa upole, "Mwalimu, nje nilikoyatoa ni wapi? Si nilimwandikia mwenyekiti wetu?" Swali hilo halikujibiwa. Tangu siku hiyo jina lake halikuonekana tena kwenye zamu yoyote, hata ya jikoni, na mwisho wa mwaka wenzake walipopewa barua za kuthibitisha kazi yao ya kujitolea, yake haikuandikwa. Barua hiyo si kitu kidogo kwa mtoto wa mkulima. Ndiyo anayoiambatisha anapoomba udhamini wa masomo au nafasi ya mafunzo ya kazi, na mara nyingi hana nyingine ya kuiweka mahali pake.

Sheria zetu zina pengo hapa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 46, inasema kwamba malalamiko ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake hayawezi kuwa sababu halali ya kumfukuza, isipokuwa yathibitike kuwa hayana msingi. Lakini mfanyakazi kwa mujibu wa sheria hiyo ni mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira, na mwanafunzi wa kujitolea halipwi. Hafukuzwi, maana hakuajiriwa. Huachwa tu nje ya orodha, na akiuliza huambiwa kwamba zamu zimejaa.

Si kwamba njia zote zimefungwa. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hupokea malalamiko ya ubaguzi kwa mdomo au kwa maandishi, na mlalamikaji hahitaji wakili. Wanafunzi wengi niliozungumza nao hawajapata kuisikia. Hata hivyo, kisa cha orodha ya zamu hakikupaswa kufika kwenye tume ya kitaifa, kwani kingeweza kutatuliwa hapa hapa mjini ndani ya wiki moja na watu watatu wenye insafu.

Kwa hiyo ninaloliomba linahusu katiba za vikundi vyenyewe. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, kikundi kinachotaka kusajiliwa huwasilisha katiba yake. Maafisa wa maendeleo ya jamii wanaozipokea katiba hizo, na wakuu wa wanafunzi katika vyuo ambavyo vikundi vyake husajiliwa huko huko, waulize kabla ya kupiga muhuri: malalamiko dhidi ya viongozi yanapelekwa kwa nani? Jibu likiwa ni viongozi wenyewe, katiba irudishwe ikaandikwe upya. Wateuliwe watu wawili au watatu wasio na cheo katika kikundi, akiwemo mwanamke, na ikiwezekana mmoja awe mtu wa nje kabisa. Malalamiko yapokewe kwa maandishi, mlalamikaji apewe nakala yenye tarehe, na ajulishwe siku ya kupata jibu. Barua ya kuthibitisha kazi itolewe kwa kufuata daftari la mahudhurio, ili isiwe zawadi ya mwenyekiti kwa anaowapenda. Na atakayesambaza malalamiko ya mwenzake aondolewe uongozini.

Wapo watakaosema kwamba tukifungua mlango huu watu watazushiana. Uzushi upo, sikatai. Lakini anayesingiziwa naye anahitaji mahali pa kusikilizwa mbele ya watu wasio na upande, na mahali hapo kwa sasa hana. Kilichopo ni kundi la WhatsApp, ambamo mwenye marafiki wengi ndiye mshindi.

Kwa walezi, ambao wengi wao ni walimu na wazee ninaowaheshimu, nina ombi moja. Mwanafunzi anapowajia na karatasi mkononi, isomeni mpaka mwisho kabla ya kumwambia anyamaze. Anayetaka kukiharibia kikundi jina hajisumbui kunakili zamu za muhula mzima. Afanyaye hivyo bado anakipenda na anataka kubaki.

Msichana yule hajajitoa. Uandikishaji wa mwaka huu unakaribia, naye anakusudia kujiandikisha tena. Namwomba mlezi wake, ambaye najua husoma gazeti hili, ahakikishe kabla ya siku hiyo kwamba barua yake ya mwaka jana imeandikwa na kutiwa sahihi.

Aliyekuwa katibu wa kikundi cha wanafunzi,
Maweni, Malindi.