Risala ya Umoja wa Vijana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Vijana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, wazazi wetu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe!

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kwa desturi risala huanza na mafanikio, nayo yapo: kwaya inaimba, darasa la kipaimara limejaa. Utuwie radhi tukiyapita haraka. Leo tumeona tuwasemee wasiokuwepo, yaani wenzetu tuliokua nao shule ya Jumapili na sasa hatuwaoni.

Jambo hili si la usharika mmoja. Nchini Marekani, utafiti wa LifeWay Research, taasisi ya Kikristo ya utafiti, uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa asilimia 66 ya vijana waliokuwa wakihudhuria makanisa ya Kiprotestanti wakiwa sekondari waliacha kwa mwaka mmoja au zaidi walipokuwa na umri wa miaka 18 hadi 22. Sababu iliyotajwa na wengi zaidi ilikuwa kuhamia chuoni.

Wazazi wetu husema dunia imewameza. Mara nyingi haikuwa hata dunia. Kijana amefika ugenini, Jumapili ya kwanza anaingia kanisani, anakaa benchi la nyuma. Wageni wanaombwa wasimame. Anasimama, anapigiwa makofi, anaketi. Ibada ikiisha kila mtu anasalimiana na watu wake. Jumapili ya tatu analala. Alikotoka hapigiwi simu, kwa kuwa jina lake limetoka kwenye orodha ya watoto na halijaingia kwenye ya wakubwa. Hakugombana na mtu.

Wapo pia walioondoka na maswali. Waliuliza kuhusu sayansi na uumbaji, mateso ya wasio na hatia, hata matumizi ya sadaka, wakajibiwa "wewe omba tu". Tomaso alitamka wazi kwamba hataamini mpaka aone, na bado Yohana 20 inatuambia kuwa siku nane baadaye alikuwa ndani pamoja na wenzake. Hawakumtoa. Wengine walichoka kuona yasemwayo mimbarini na yatendwayo vikaoni hayafanani, hao tunawaelewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa ni hili: kijana anapohama apewe barua ya utambulisho, na mchungaji wa huko apigiwe simu kabla hajafika, ili awepo mtu wa kumpokea kwa jina. Tunaomba pia kipindi cha maswali kila mwezi, ambapo mchungaji yuko huru kusema "sijui". Na kwa heshima zote, tusiitwe siku ya kupanga viti tu. Tuingizwe kwenye kamati zinazoamua. Ombi la kinanda kipya tunalo, ila linaweza kusubiri.

Kwa upande wetu, tumeanza kukusanya namba za simu za waliohama. Tutawapigia kuwajulia hali, bila kuwauliza kwa nini hawaji.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Umoja wa Vijana