Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam kuhusu bustani za juu ya maghorofa

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MATUMIZI YA MAPAA YA ZEGE KWA BUSTANI ZA MBOGA

Pole na kazi. Najua mezani kwako kuna taka, maegesho, machinga na mitaro iliyoziba, na barua inayozungumzia mchicha juu ya ghorofa inaweza kuonekana ni ya mtu aliyekosa la kufanya. Naomba uisome hadi mwisho, maana ninachokuomba hakihitaji bajeti kubwa. Kinahitaji mstari mmoja kwenye masharti ya kibali cha ujenzi, na mlango mmoja ufunguliwe.

Mimi ni mpangaji wa ghorofa ya juu kabisa, Kariakoo. Tunaokaa huku tunalijua joto asilolijua jirani wa ghorofa ya pili. Slabu, yaani zege la paa, inakunywa jua mchana kutwa, na magharibi ikiingia inaanza kulirudisha chumbani. Januari na Februari feni linazungusha joto lilelile, na mwenye kiyoyozi anakiacha hadi alfajiri huku mita ya umeme ya LUKU ikilia. Zege tupu likipigwa na jua la mchana linaweza kupita nyuzi 50. Paa lililofunikwa udongo na majani hubaki chini yake kwa nyuzi 15 hadi 20, kwa kuwa jua haliligusi zege, na maji yanayotoka kwenye majani kama mvuke huondoka na sehemu ya joto. Wa kwanza kufaidi ni anayelala chini ya slabu hiyo. Lakini zege likipoa usiku, mtaa nao unapoa, na Kariakoo haina miti ya kuifanya kazi hiyo wala nafasi ya kuipanda.

Siku moja panda juu ya jengo lolote refu la mtaani kwetu utazame. Utaona matangi, madishi, kamba za nguo, vipande vya nondo vilivyobaki tangu jengo lijengwe, na maeneo makubwa ya zege yasiyo na kazi. Kisha shuka sokoni uulize mchicha umetoka wapi. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na zilikutwa na madini mazito, risasi ikiwamo. Sote tunajua mito hiyo inapitisha nini. Mkulima wa bondeni simlaumu, kwani alilima palipokuwa na maji. Ila mchicha unakuwa tayari kwa kung'olewa ndani ya wiki nne hivi, haudai udongo wa kina kirefu, na unaweza kuota mita chache kutoka kwenye jiko litakaloupika. Matembele ndiyo hayasumbui kabisa, unakata, yanachipua.

Na kwa kuwa bonde lenyewe sasa linabadilishwa na Mradi wa Bonde la Msimbazi, na nyumba za Jangwani zimebomolewa, hapa kuna watu wa kuwakumbuka. Aliyelima mboga bondeni miaka na miaka anajua kuotesha kwenye eneo dogo kuliko mtaalamu wa semina. Mimi ningemwita yeye kwanza, na alipwe kwa kutufundisha.

Kuhusu mafuriko nitasema kidogo, maana hapa watetezi wa bustani hizi huwa wanatia chumvi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 20 kwa 15 likipata mvua ya milimita 60 linamwaga barabarani lita 18,000, kwa bomba moja au mawili, ndani ya saa chache. Udongo mkavu wa sentimita 10 unaweza kuzuia milimita 20 au zaidi kabla haujaanza kutiririsha. Masika ikishakolea na udongo umelowa, unazuia kidogo sana, ingawa unayachelewesha maji yasifike mtaroni yote kwa mpigo. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba mapaa ya Kariakoo yangeiokoa Jangwani na mafuriko ya Desemba 2011. Yatakupunguzia madimbwi ya Mtaa wa Kongo, na hilo nalo si dogo kwa mwenye duka.

Sasa nije kwenye uzito, ambao ndio ulionifanya niandike barua badala ya kubeba viroba vya udongo juu kimyakimya kama wanavyofanya wengine. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo liliporomoka hapa Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Machi 2013 lilianguka jengo la ghorofa 16 katikati ya jiji, watu 36 wakafa. Mtu yeyote anayezungumzia kuongeza mzigo juu ya maghorofa yetu bila kuanzia hapo hatutakii mema.

Udongo wa shambani ukilowa, mita moja ya ujazo hufika tani moja na nusu hadi mbili. Tabaka la sentimita 10 tu, basi, ni kilo 150 hadi 200 juu ya kila mita ya mraba. Kwa viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wamevizoea, paa ambalo watu hupanda na kutembea juu yake huchorwa libebe mzigo wa ziada wa takriban kilo 150 kwa mita ya mraba. Hapo umeshamaliza ruhusa yote kabla mtu hajapanda kumwagilia. Ndiyo maana bustani ya juu haifai kutiwa udongo wa shambani. Makumbi ya nazi yaliyosagwa, maganda ya mpunga na mboji hupunguza uzito sana, na vyote tunavyo. Matuta yakae juu ya mihimili na karibu na nguzo, si katikati ya slabu. Na kabla ya yote paa lizibwe matundu ya kutolea maji, lifurikishwe maji siku mbili, fundi akae chini akitazama dari. Linalovuja lisipandwe kitu.

Lakini tuulizane kwa haki. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano zilizokaa mahali pamoja, na linapopandishwa juu sijawahi kuona mtu akidaiwa mchoro. Kama tutaanza kupima, tupime vyote.

Maji? Nakumbuka mgawo wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji. Sitamwomba mtu amwagilie mchicha kwa maji ya DAWASA. Mvua ivunwe, na yale maji ya viyoyozi yanayowadondokea wapita njia kuanzia Posta hadi Gerezani yakingwe. Ni maji yanayofaa kwa mimea, na leo yanaishia kuchafua mashati ya watu. Mbu nao si hoja ya kupuuza katika jiji lililopigwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019, kwa kuwa mbu wa dengi anazaliana kwenye maji kidogo yaliyotuama. Matangi yafunikwe kwa wavu, visahani vya chini ya vyungu visiruhusiwe, na bwana afya awe na haki ya kupanda kukagua.

Toronto ilipopitisha sheria yake ya mapaa ya kijani mwaka 2009 iliyagusa majengo mapya makubwa, yenye sakafu kuanzia mita za mraba 2,000. Singapore ilianza mwaka huohuo kuwachangia wenye majengo hadi nusu ya gharama. Hela ya Singapore hatuna. Busara ya Toronto ya kuanzia kwenye michoro ya majengo yasiyojengwa bado haigharimu kitu.

Ombi langu, Ndugu Mkurugenzi: kila anayeomba kibali cha jengo lenye paa bapa, mchoro wake uonyeshe paa limesanifiwa kubeba kilo ngapi kwa mita ya mraba, na kibao chenye namba hiyo kibandikwe mlango wa kutokea juu. Kwa majengo ya zamani pasilimwe chochote hadi mhandisi aliyesajiliwa aandike na kutia saini. Baada ya ajali ya 2024 iliundwa tume ya kukagua majengo ya Kariakoo, kwa hiyo kazi haianzii sifuri. Halafu halmashauri ichague jengo lake moja imara, ilime juu yake mwaka mzima, na itangaze gharama, mavuno na joto la chumba cha chini, hata kama matokeo yatakuwa ya aibu.

Lipo na la kufuli. Mwenye jengo ninapoishi ameufunga mlango wa paa, na sababu anayoitoa ni usalama. Inawezekana ana haki. Lakini hakuna sheria ndogo ninayoweza kumwonyesha, wala yeye kunionyesha, inayosema mpangaji anaruhusiwa nini huko juu. Tuandikieni hiyo, tuache kubishana ngazini.

Jibu lako nitalisoma likibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpangaji wa ghorofa ya juu, Kariakoo

Nakala: Mhandisi wa Jiji, Diwani wa Kata ya Kariakoo