Barua ya wazi kwa mpwa wangu: usiyatamani maisha ya Madame de Pompadour

Mwanangu,

Salaam nyingi zikufikie hapo ulipo. Uliposema mbele ya wenzako kwamba ungepewa nafasi ungechagua maisha ya Madame de Pompadour, hawara rasmi wa Mfalme Louis XV wa Ufaransa, nilinyamaza kwa sababu jambo lenyewe lilihitaji utulivu. Leo nakujibu hadharani, maana najua si wewe peke yako uliyeitazama ile picha aliyochorwa na François Boucher mwaka 1756, akiwa na kitabu mkononi na gauni la hariri lililojaa maua ya waridi, ukaamini kwamba mwanamke yule alikuwa amemaliza mahangaiko yote ya dunia.

Alizaliwa Paris mwaka 1721 kwa jina la Jeanne-Antoinette Poisson, katika familia isiyo na ukabaila wowote, na alipokuwa bado mdogo sana baba yake aliikimbia nchi kwa kashfa ya fedha. Alipofika umri wa miaka tisa, mpiga ramli alimtabiria kwamba siku moja angeuteka moyo wa mfalme, na tangu hapo nyumbani wakawa wanamwita malkia mdogo, wakamfundisha kuimba, kuigiza, kupiga ala na kuzungumza na wakubwa. Nakuomba ulitafakari hilo kwa makini: mtoto wa miaka tisa alianza kuandaliwa kwa ajili ya mwanamume ambaye hajawahi kumwona, na watu wazima waliomzunguka wakaliona hilo kuwa bahati njema.

Aliolewa mwaka 1741. Februari 1745 palikuwa na dansi ya vinyago katika kasri la Versailles kusherehekea ndoa ya mwana wa mfalme, ambako mfalme alionekana akizungumza naye, na ilipofika Septemba alikuwa ameshatenganishwa na mumewe kisheria, amepewa cheo cha kikabaila cha Markizi wa Pompadour, na ametambulishwa rasmi barazani, ambako ilimlazimu kumwinamia Malkia Marie Leszczyńska, mke halali wa mwanamume aliyekuwa naye.

Alipewa vyumba vya juu kabisa, karibu na paa, juu ya vyumba vya mfalme, na kulikuwa na ngazi ya siri ya kuviunganisha. Wewe unaiona ngazi hiyo kama alama ya mapenzi. Mimi naona mlango ambao hakuwa na haki ya kuufunga. Mfalme alikuwa mtu wa kuchoshwa upesi na mwenye huzuni za mara kwa mara, kwa hiyo kazi ya kumchangamsha ilikuwa ya usiku na mchana: karamu, safari, mawindo, michezo ya kuigiza ambayo yeye mwenyewe alikuwa mwigizaji mkuu, na yote hayo ayafanye kwa uso mkunjufu hata siku ambazo kifua kilimbana au mimba ilikuwa imetoka. Mjakazi wake, Madame du Hausset, aliacha kumbukumbu zinazosimulia jinsi bibi yake alivyokuwa akila kwa wingi chokoleti yenye vanila na supu ya figili-majani akitumaini kuuchochea mwili wake, na jinsi alivyolia kwa hofu kwamba mfalme angemwona baridi na kumtafuta mwingine. Huyo ndiye mwanamke aliyehusudiwa kuliko wote Ufaransa, mwanangu, akilazimisha chakula kiupe mwili wake hamu ambayo haukuwa nayo.

Kufikia mwaka 1750 hivi uhusiano wa kitandani ulikuwa umekwisha, naye akabaki kama rafiki na mshauri. Mfalme aliwekewa wasichana katika nyumba moja pale mjini Versailles, na Madame du Hausset anaeleza kwamba mmoja wao alipokaribia kujifungua mtoto wa mfalme, yeye ndiye aliyetumwa na bibi yake kwenda kumwangalia.

Lakini kama ungetaka kuujua msingi wa maisha yale, litazame tukio la Januari 5, 1757. Jioni hiyo mtu aitwaye Damiens alimchoma mfalme kisu alipokuwa akielekea kwenye gari lake la farasi. Nguo nzito za majira ya baridi zilimwokoa na jeraha halikuwa kubwa, ila yeye aliamini anakufa, akaita padri na kumwomba malkia msamaha. Pompadour alilijua vizuri jambo hilo lilimaanisha nini. Mwaka 1744, mfalme alipougua sana kule Metz, maaskofu walikataa kumpa sakramenti mpaka amfukuze hawara wake wa wakati huo, Madame de Châteauroux, ambaye aliondoka huku akitukanwa njiani na kufariki kabla mwaka haujaisha. Sasa zamu ilikuwa ya Pompadour. Siku zikapita bila neno lolote kutoka kwa mfalme, na watu wakawa wanaingia chumbani kwake kwa kisingizio cha kumpa pole, hali walitaka tu kuusoma uso wake. Waziri Machault, ambaye alikuwa rafiki yake, alikuja kumshauri aondoke. Akaagiza masanduku yafungwe. Ndipo rafiki mwingine, Madame de Mirepoix, alipoingia, akayaona masanduku yale, akamwambia kwamba anayeuacha mchezo ndiye anayeshindwa. Akabaki. Mfalme alirudi kwake, na mwanzoni mwa Februari Machault akapoteza uwaziri.

Sikatai kwamba alitumia nafasi yake kwa mambo ya maana. Kiwanda cha kauri cha Sèvres kinadaiwa mengi na juhudi zake, chuo cha kijeshi cha Paris vilevile, na waandishi wa Ensaiklopidia, ile kamusi kubwa ya maarifa ya zama hizo, walipata kwake mtetezi. Hata hivyo, Ufaransa iliposhindwa katika Vita vya Miaka Saba na kuipoteza Kanada mwaka 1763, lawama zilizowastahili mfalme, mawaziri na majenerali zilirundikwa juu yake, kwa kuwa yeye alikuwa rahisi kulaumiwa.

Binti yake wa pekee, Alexandrine, alifariki mwaka 1754 kabla ya kutimiza miaka kumi. Pompadour alipotaka kurudi kwenye sakramenti, padri alimtaka amrudie mumewe. Akamwandikia, na mume akakataa. Alifariki Aprili 15, 1764, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 42, akazikwa Paris karibu na binti yake. Alikuwa ameishi Versailles karibu miaka kumi na tisa, na katika muda huo wote hakuna sheria wala kiapo kilichomlinda, ila ridhaa ya mtu mmoja ambayo ingeweza kuondolewa jioni yoyote.

Nijibu, hata kama bado hukubaliani nami.

Shangazi yako akupendaye