Kliniki za usikivu zizungumze na vijana wenyewe, si na sisi wazazi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Kila tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani, tunakumbushwa kuwatibu mapema watoto wanaotoka usaha masikioni, kuepuka kelele za spika, na kwamba Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 60 ya matatizo ya usikivu kwa watoto yangeweza kuzuilika. Yote hayo nayaunga mkono. Ila kijana ambaye tayari ni kiziwi, ana miaka 15 au 17, na anajiuliza yeye ni nani katika nchi hii, hatajwi kabisa.

Ninaye binti wa umri huo. Tukienda kliniki, maswali yote huja kwangu. "Mama, anaivaa hii mashine ya kusikia?" "Mama, shuleni anaendeleaje?" Mwenyewe amekaa katikati yetu, anatazama barakoa iliyoficha midomo ya mtaalamu. Mkalimani wa lugha ya alama hakuna. Karatasi ya vipimo inapita juu ya kichwa chake kutoka mkono wa mtaalamu hadi mkono wangu, na anayejua kwa nini mashine inashinda kwenye begi ni yeye peke yake. Tulipofika nyumbani alinieleza kwa alama. Kile kiplastiki cha kuingia sikioni kimekuwa kidogo kwa sababu amekua, kwa hiyo sauti inavuja na mashine inapiga mluzi, darasa zima linageuka. Mvua ikipiga bati, anachosikia ni mvua tu. Halafu akaniambia amechoka kuitikia kwa kichwa mambo asiyoyaelewa ili watu wafurahi.

Hilo la mwisho haliponi kwa betri mpya. Mashine hukuza sauti, hairudishi sikio. Hata aliyepandikizwa kifaa, akivua sehemu ya nje ili akaoge au akalale, anabaki kiziwi. Basi kijana anayeambiwa tangu utoto kwamba kazi yake ni kufanana na wanaosikia, ataishi akijiona kila siku amefeli. Na sisi wazazi huwa tunashauriwa tusimzoeshe mtoto alama eti hatajifunza kusema. Lugha ya alama haimzuii mtoto kusema. Inayomuumiza ni miaka inayopita bila lugha yoyote anayoielewa vizuri.

Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo mtoto anaweza kukua bila kumwona mtu mzima aliye kama yeye. Wangu, alipokuwa mdogo, aliamini akikua atasikia, maana wakubwa wote aliowajua walisikia. Hakuna aliyewahi kumdanganya, aliangalia tu akahitimisha. Mpaka siku moja, mwezi Septemba, nilipompeleka kwenye maadhimisho ya Wiki ya Viziwi akakutana na fundi seremala, mwalimu, na mama mwenye watoto wanne, wote viziwi, wote wanabishana kwa mikono kuhusu mpira. Usiku ule hakulala kwa maswali. Walimpa na jina lake la alama, yaani jina linaloonyeshwa kwa mkono, ambalo mpaka leo ndilo analojitambulisha nalo kwanza.

Tangu hapo hakuitupa mashine, kama ndugu zangu walivyohofia. Anaivaa kwa uamuzi wake: sokoni, na barabarani asikie honi ya bodaboda. Akiwa na wenzake wanaoongea kwa alama anaivua na kuiweka kwenye kiboksi chake. Mtaalamu akiona hivyo anaandika kwamba "hafuati maelekezo". Mimi naona kijana anayejijua.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi kukuza lugha ya alama na utambulisho wa kilugha wa jamii ya viziwi. Ibara ya 24 inalisema hilo upande wa elimu, na sioni kwa nini liishie kwenye lango la hospitali.

Naiomba Wizara ya Afya iweke wakalimani wa lugha ya alama kwenye kliniki za usikivu, angalau katika hospitali za rufaa za mikoa, na kijana apewe dakika zake za kuongea na mtaalamu mzazi akiwa nje. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kiombwe watu wazima viziwi wa kukaa na familia siku za kliniki, hasa siku mzazi anapopewa majibu ya mtoto mchanga na hajui pa kushika. Wataalamu nao, kijana akiiacha mashine, wamuulize yeye sababu kabla ya kumkaripia. Na vile viplastiki vya sikioni vichongwe mikoani, kwani masikio ya watoto hayasubiri nauli ya kwenda Dar es Salaam.

Mama wa kijana kiziwi,
Morogoro