Fundi asubiri kwanza

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kutunyoosha mapema. Ujumbe wako nimeupata, na ile picha ya ukuta wa nyumba ya bibi nimeitazama mpaka macho yameniuma. Unasema fundi anataka kubandua chokaa yote apige plasta ya saruji, na kwamba wiki moja inamtosha. Kabla sijakujibu, nikuhadithie nilikokwenda Jumamosi, maana jibu nimelikuta huko.

Kutoka hapa Cedar Rapids, Marekani, ukiendesha kama saa mbili kuelekea kaskazini, unafika mji mdogo wa Decorah. Pana makumbusho ya watu waliohamia Marekani kutoka Norwei, yanaitwa Vesterheim, yaani nyumbani kwa magharibi. Uani wamesimamisha nyumba za zamani, na mojawapo ni ya magogo, ya Erik na Helene Egge, waliyoijenga kati ya 1851 na 1853. Nimeingia nikacheka. Futi 14 kwa 16! Kile chumba tulichopanga Ngamiani, tulichokuwa tukikilalamikia kila siku, si kidogo hivyo.

Sasa sikiliza. Desemba 1853 wale Egge, mtu na mkewe na watoto wao wawili, wakapokea wageni: mchungaji Ulrik Vilhelm Koren na mkewe Elisabeth, maharusi wapya kutoka Norwei, nyumba yao haijawa tayari. Wakakaa humo majira ya baridi, watu sita. Wakatundika mapazia ya kitambaa cha pamba kukata chumba, upande mmoja vitanda viwili, upande wa pili ndiyo sebule, ndiyo jiko. Hebu fikiria wewe bi harusi wa miaka 21, na kati yako na mwenye nyumba pana pazia tu! Elisabeth alikuwa akiandika shajara, na ndiyo iliyofanya watu wasiisahau nyumba hii. Anataniatania kuhusu chakula: leo nguruwe wa kuchemsha, kesho nguruwe wa kukaanga. Nikasema astaghfirullah, lakini nilimwonea huruma. Na mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilikula wali na mayai mpaka nikachukia kuku mzima.

Nilichokiwaza zaidi, shoga, ni kwamba ardhi ile haikuwa pori lisilo na wenyewe. Waho-Chunk, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani waliokuwa wakiishi huko, waliondolewa na serikali 1848, miaka mitatu tu kabla Egge hajaanza kujenga. Jina lenyewe la mji, Decorah, ni la kiongozi wao, Waukon Decorah. Wenyewe wameondoshwa, jina limebaki kwenye vibao vya barabarani.

Turudi kwenye ukuta. Nyumba za namna hii magogo yanalazwa moja juu ya jingine, ncha zinachongwa ziumane pembeni. Gogo haliwi limenyooka kama rula, kwa hiyo mianya inabaki, nayo inazibwa kwa vipande vya mbao na udongo au chokaa. Ni kukandika kabisa, kama walivyokuwa wakikandika kina bibi, na kama kule kwetu, ukikandika leo utakandika tena. Nyumba hii ya Egge ilichukuliwa 1913 ikapelekwa kwenye uwanja wa Chuo cha Luther, na baadaye ikahamishwa tena hadi ilipo sasa. Ukitaka kuihamisha nyumba ya magogo, kila gogo unaliandika namba, unaifungua kuanzia juu, halafu unaipanga upya kwa namba zilezile. Mume wangu akaniuliza kama nyumba ya bibi nayo ingewezekana. Nikamwambia ile ni mawe ya matumbawe, ukiifungua utabaki na kifusi.

Kulikuwa na mzee mmoja mgeni kama sisi, seremala mstaafu, anakagua mianya ile kwa kidole kama daktari anayekagua meno. Nikamwuliza watu huharibu wapi wakikarabati. Akajibu neno moja: saruji. Gogo linavimba likipata unyevu na kusinyaa likikauka, chokaa inafuatana nalo, saruji haikubali. Inapasuka mahali, maji yanapenya kwenye ule ufa, halafu hayana pa kutokea. Kwa nje unaona ukuta mzuri, mbao nyuma yake inaoza kimyakimya. Na gogo la chini, linalokaribia ardhi, ndilo hutangulia.

Hapo moyo ukanilipuka, Mwanaisha. Si ndiyo yaleyale ya kwetu? Ukuta wa matumbawe unanyonya unyevu kutoka chini pamoja na chumvi, na chokaa inauacha upumue. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unakwama, chumvi inasukuma, plasta inabanduka pamoja na ngozi ya jiwe. Wanaokarabati Mji Mkongwe Unguja wanarudia chokaa si kwa kupenda ukale. Na wewe umekwisha kuona, ile nyumba ya pili kutoka kwa bibi, iliyopigwa saruji ikang'aa mwaka mmoja, leo ikoje?

Basi mwambie fundi asubiri. Asibandue kitu. Mtafute yule mzee wa ng'ambo ya mto aliyefanya mihrabu ya msikiti, kama bado ana nguvu ya kusimamia vijana. Chokaa ilowekwe mapema, isiharakishwe. Lakini kwanza kabisa bati la pembeni lizibwe, kwa sababu maji ya mvua yanateremka hapohapo palipo na ule ufa kwenye picha yako. Nikipokea mshahara mwisho wa mwezi nitatuma ya bati na ya chokaa.

Na yule anayekuja kuulizia mlango wa nakshi, mwambie hauuzwi. Kama anabisha, nipigie nimwambie mwenyewe.

Nisalimie mama na watoto wote.

Wako,
Mama Rehema